Mahari ya Mwanafunzi Mmoja

Saif bin Suud alikuwa kijana mzuri, hilo nalisema mapema kabla sijaanza kumsema vingine. Mrefu, mnadhifu, kanzu yake haina hata kunyanzi moja, na Kiingereza chake kilikuwa cha kweli. Alikisomea Unguja miaka tisa, na cheti cha ualimu alikuwa nacho, amekitia kwenye fremu. Mwaka wa thelathini na nne, mwezi wa Mlisho, ule wa kabla ya Ramadhani, alivuka kuja Dar es Salaam kutafuta kazi, maana Unguja walimu walikuwa wengi kuliko madawati, na Tanganyika ya Mwingereza, kwa alivyosikia, ilikuwa nchi kubwa iliyokaa roho juu ikimngoja yeye. Alishukia kwa binamu yake Abdulla, mwenye duka la nafaka Kariakoo, mlango wa nne kutoka sokoni. Siku ya kwanza aliomba chumba kisichosikika makelele ya wachukuzi. Abdulla alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini ualimu ulikuwa sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni ilikuwa Thuraya binti Bi Fakhriya, wa Malindi, Unguja. Saif alimpenda hasa, simfichi. Alimwona mara tatu tu tangu wakue, na mara zote tatu alirudi nyumbani akasahau kula. Thuraya alikuwa ametiwa skuli ya wasichana, akasoma mpaka darasa la mwisho, na jambo hilo Saif alilihesabu katika fungu moja na kudarizi na kupika mkate wa kumimina: sifa nzuri za mke, basi.

Baba mtu alikwishafariki, na mwenye usemi alikuwa mama mtu. Saif alipopeleka posa, Bi Fakhriya alijibu kwa barua iliyonukia udi. Alisema hivi: "Mwanangu Saif, nimesikia huko bara kuna kazi. Bara ni kubwa. Binti yangu hakuzaliwa kuteka maji mtoni wala kulala akisikiliza fisi. Ukipata kazi ya mjini, mji hasa, wenye taa na watu wanaojijua, nitakuja mwenyewe kwa Idd ya Mfungo Mosi pamoja na binti yangu nione kwa macho. Ukipata ya shamba, usijisumbue kuniandikia, hata salamu." Saif aliisoma barua hiyo mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Abdulla alipiga mbiu dukani kwamba ana mwalimu wa Kiingereza, mpya, hajatumika. Haukupita muda, asubuhi moja wakaja watu wawili.

Wa kwanza alikuwa Bi Kuruthumu, mwanamke wa makamo wa Kindengereko, muuza mchele kutoka Mohoro, kule Rufiji. Kila mwaka alikuja na magunia yake kabla ya Ramadhani, akauza sokoni mpaka Idd ipite, kisha akarudi kwao. Aliingia dukani, akakaa juu ya gunia la kunde bila kuambiwa karibu. Saif hakumwamkia. Shikamoo yake alikuwa anaiwekea watu wa maana.

"Wewe ndiye mwalimu?" akauliza Bi Kuruthumu.

"Ndiye."

"Haya. Sisi Mohoro tumejenga skuli. Imetuchukua mwaka mzima, miti tumekata wenyewe, makuti tumesuka wenyewe. Watoto arobaini na watatu, kila mmoja na kibao chake cha kuandikia. Mwalimu ndiye hatuna. Karatasi zinatujia za Kiingereza, tunapiga dole gumba, hatujui tumekubali nini. Tunataka watoto wetu wazisome wenyewe. Nyumba ipo, vyumba vitatu. Mchele utakula mpaka uuchoke, na samaki, na mshahara tumechanga."

Saif alitazama miguu ya Bi Kuruthumu, ikiwa imepasuka nyayo na ina vumbi la Rufiji. "Kuna taa?"

"Ya mafuta ipo."

"Gazeti linafika?"

"Kuna watoto arobaini na watatu."

"Na simba?"

"Simba yupo," akasema Bi Kuruthumu, "lakini haji skuli." Kisha akamkazia macho. "Na mimi nikuulize. Mtoto umemfundisha, haelewi. Unafanyaje?"

"Namchapa."

"Tumeshawachapa. Hawakuelewa. Ndiyo maana tunatafuta mwalimu."

Abdulla alijitia kuhesabu pishi ili asicheke. Kabla Saif hajapata la kumjibu huyu mwanamke wa shamba, mlango ulizibwa na mgeni wa pili. Huyo alikuwa Mwinyimvua, mwenye nyumba mbili Kariakoo na tumbo la kuzitosha zote mbili. Alikuwa pia Admeri wa Manowari. Asiyejua Manowari nini, namwambia: siku zile Kariakoo yote ilikuwa imegawanyika kwa vyama viwili vya ngoma, Manowari na Bombomu. Kila chama kina maadmeri wake na majemadari na madaktari wasiojua hata kufunga kidonda, na sikukuu ikifika wanatoka na matarumbeta na kofia za mabawa ya kuku, wanaandamana, wanaimbiana matusi, wanashindana kwa mavazi na kwa ng'ombe waliochinjwa. Aliyeaibishwa haonekani sokoni wiki nzima.

"Maalim," akasema Mwinyimvua, na neno hilo moja lilimwingia Saif vizuri mno. "Bombomu wamenunua tarumbeta kutoka Ulaya. Linang'aa, linatuumiza macho. Sisi tumekaa kikao tukaona tarumbeta na sisi tukinunua, tutakuwa tumewaiga. Tunataka kitu wasichokuwa nacho. Tunataka Kiingereza. Utapata chumba katika nyumba yangu, mbele, dirisha la barabarani, na kibao tutakuandikia juu ya mlango kwa rangi nyekundu: Skuli ya Kiingereza ya Manowari. Wanafunzi ishirini na sita, watu wazima, wote wana vyeo."

Hapo ndipo mwenye akili angeuliza swali moja au mawili. Saif hakuuliza kitu. Alisikia "barabarani", akasikia "vyeo", akamwona Bi Fakhriya anashuka melini na kukuta skuli ya mkwewe imeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Akageuka kwa Bi Kuruthumu na kumwambia kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayempa maskini pole badala ya sadaka: "Bibi, mimi ni mtu wa mjini. Mwalimu kama mimi akipelekwa porini ni hasara kwa elimu. Tafuteni mtu wa kule kule."

"Mtu wa kule kule angekuwepo ningekuja kwako?" Bi Kuruthumu aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri. "Haya mwanangu. Mimi nipo mstari wa mchele mpaka Idd ipite. Lakini mchagua nazi hupata koroma."

Skuli ilifunguliwa kwa pilau. Siku ya kwanza walikuja wote ishirini na sita, wamevaa makoti, wakabeba viti kutoka chumbani wakavipanga nje barazani, kuelekea barabara. Saif akawaambia ubao uko ndani. Wakasema ndani hawataonekana. Akautoa ubao nje. Akaandika herufi, akazisoma, wakazisema kwa pamoja kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, na kila alipopita mtu wa Bombomu walirudia ile ile, kwa nguvu zaidi, hata kama somo lilikuwa limeshapita. Siku ya nne walikuja kumi. Ramadhani ilipoingia walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa anafuata kivuli cha baraza. Alilala chali, kofia usoni, na ukimwamsha kumuuliza swali anakukumbusha kwamba amefunga.

Saif alikwenda kulalamika kwa Mwinyimvua. "Admeri, watu hawaji. Watajuaje Kiingereza?"

Mwinyimvua alimtazama kwa huruma ya kweli. "Maalim, nani kakwambia tunataka kukijua? Sisi tunataka kuwa nacho. Mimi nina saa ya ukutani, sijui inavyokwenda ndani, lakini ni yangu na wageni wanaiona. Wewe tulia. Kula, nenepa, vaa vizuri. Siku yako inakuja."

Basi akatulia. Nani asiyetulia akilishwa? Alipelekwa kwenye futari za wakubwa, akakalishwa mkeka wa mbele, na wakishakula Mwinyimvua anamwambia, "Maalim, hebu waambie kidogo," naye anasema maneno mawili matatu ya Kiingereza, wageni wanatikisa vichwa na kusema mashallah. Mara ya kwanza aliona haya. Mara ya tano aliona kawaida. Mara ya kumi, wenyeji wake walipochelewa kumwomba, alikohoa mwenyewe ili wakumbuke. Akamwandikia Bi Fakhriya kwamba ameshika skuli kubwa katikati ya mji na wanafunzi wake ni wakuu watupu. Hakuna neno hata moja la uongo katika barua hiyo, na barua nzima ilikuwa uongo.

Siku yenyewe ikawa Idd Mosi, alasiri, uwanja wa Mnazi Mmoja. Bi Fakhriya na Thuraya walikuwa wameshafika siku mbili kabla, wamefikia kwa Abdulla, na Saif kwa adabu akahamia kwenye kile chumba cha mbele cha Mwinyimvua. Bi Fakhriya alisema wazi kwamba mwanamke wa heshima haendi kutazama ngoma. Alipanda rikisha pamoja na binti yake, wamejifunika buibui gubigubi, wakawa wanapita tu hapo Mnazi Mmoja. Walipita mara tano. Mara ya sita rikisha ilisimama, nadhani mvutaji alichoka.

Bombomu nao hawakulala. Walikuwa wamepata mwalimu wao, Praful, kijana mwembamba wa Kihindi aliyetoka Bombay mwezi uliopita kuja kufundisha Kiingereza. Na yeye aliambiwa mjini kuna wanafunzi. Na yeye alikuwa akikaa barazani akitazama viti. Walimvika joho jekundu lililomzidi kimo, wakamsimamisha mbele ya lile tarumbeta lao la Ulaya, akaonekana kama mtu aliyeletwa kutahiriwa.

Masharti yalikuwa mepesi. Kila mwalimu ataitukana kambi ya pili kwa Kiingereza, na umma utaamua nani kashinda. Umma wenyewe, watu elfu na zaidi, hapana aliyejua neno.

Saif alipanda juu ya kasha la chai, amevaa suti nyeupe na kofia ya helmeti aliyotafutiwa na Manowari. Akautazama ule umati. Matusi ya Kiingereza hakuwa nayo, Unguja hawakufundisha. Basi akavuta pumzi, akanyoosha kidole kuelekea Bombomu, na kwa sauti ya radi akasoma kwa moyo, kwa Kiingereza, somo la tatu la kitabu cha watoto wa chekechea. Paka ameketi juu ya mkeka! Paka ni mnono! Panya yuko wapi? Panya hayupo! Kwenye "hayupo" alipiga mguu chini, kasha likalia, na Manowari wakaruka juu. "Allah! Kawamaliza!" Mwanamke mmoja alipiga vigelegele mpaka akakosa pumzi. Saif akaona vitamu. Akalisoma somo lote tena, safari hii akimkazia macho Jenerali wa Bombomu, na yule mzee, wallahi, alianza kulia.

Zamu ya Praful ilipofika, maskini alianza na kile alichokikumbuka, sheria za reli ya kwao: abiria hawaruhusiwi kutema mate, abiria hawaruhusiwi kupanda juu ya paa. Alianza vizuri tu. Lakini katikati alisita, akainama, akamuuliza mtu aliyesimama mbele yake, kwa Kiswahili chake cha polepole: "Ndugu, umeelewa?" Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mwalimu anauliza! Bombomu wenyewe walimzomea, wakamvua joho pale pale, na ushindi ukawa wa Manowari bila ubishi. Saif alibebwa juujuu kuuzunguka uwanja. Alipopita karibu na ile rikisha alimwona Bi Fakhriya amesahau kujifunika, macho yanamng'aa. Thuraya alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika. Saif akajua analia kwa fahari.

Kesho yake Bi Fakhriya alitamka kwamba haina haja ya kuchunguza zaidi. "Nimemwona kwa macho yangu. Mji mzima unamjua. Ndoa ifungwe hapa hapa kabla ya meli ya Jumamosi, tuondoke tumeshamaliza." Siku hiyo hiyo jioni wanaume wakakusanyika sebuleni kwa Abdulla, Saif katikati amevaa joho, Mwinyimvua ubavuni kwake na nusu ya maafisa wa Manowari nje barazani. Moyo wa Saif ulikuwa unapiga mpaka aliogopa shehe atausikia. Kila alichokitaka duniani kilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha pili.

Shehe akaenda mlangoni na mashahidi wawili, akauliza kupitia pazia kama ilivyo desturi: "Thuraya, umeridhia kuolewa na Saif bin Suud?" Mwanamwali hatarajiwi kujibu. Ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa, watu wanasoma fatiha.

Thuraya alicheka. Si kidogo, alicheka akashindwa kujizuia, kicheko kikasikika mpaka barazani.

Shahidi mmoja akasema kicheko pia ni ridhaa, ameshasikia kwa wanazuoni. Wa pili akasema ndiyo, ila kikiwa cha kejeli si ridhaa. Wakabishana pale pale mlangoni hiki ni cha namna gani. Bi Fakhriya akapiga kelele kutoka ndani, "Cha furaha! Cha furaha, shehe, endelea!" Shehe alikuwa mtu makini. Akauliza tena: "Binti, unacheka nini?"

"Namcheka paka, shehe," akasema Thuraya. "Jana bwana huyu amewaambia watu elfu moja kwamba paka ameketi juu ya mkeka na panya hayupo. Sisi skuli somo hilo tulilisoma tukiwa na miaka saba."

Saif alihisi joto linampanda kutoka kifuani mpaka kwenye masikio. Wanafunzi ishirini na sita hawakumgundua, umati wa elfu haukumgundua, na mtu mmoja tu aliyemwelewa ndiye yule aliyempenda. Alitamani sakafu immeze.

"Simkatai," akaendelea Thuraya, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Mama ameniambia ni mwalimu. Mimi nataka mume mwalimu. Basi mahari yangu isiwe fedha wala dhahabu. Alete mwanafunzi mmoja aliyemfundisha hapa Dar es Salaam. Nitampa mstari mmoja asome, aniambie maana yake. Mmoja tu. Akiweza, nitanyamaza kimya na mtasoma fatiha yenu."

Bi Fakhriya alikuja juu: mahari ya mwanafunzi, mwanafunzi atavaliwa shingoni? Lakini shehe akasema kufundisha kuwa mahari kumo katika sheria, na binti ana haki yake. Akampa Saif mpaka Jumamosi asubuhi. Ilikuwa Jumatano.

Saif alipumua. Mwanafunzi mmoja! Katika ishirini na sita!

Alhamisi alikwenda nyumba kwa nyumba. Daktari wa Manowari alisema macho yanamuuma. Kapteni alisema alikuwepo darasani siku ya kwanza tu, kwa ajili ya pilau. Yule mfuata kivuli alikuwa amehamia baraza nyingine yenye upepo. Saif aliwashika watu mikono njiani. Alimuuliza muuza kahawa kama anajua hata herufi moja, akamuuliza mchukuzi, akamuuliza fundi cherehani, na wote wakamwambia, "Maalim, tunakusikia wewe, inatosha." Mpaka adhuhuri ya Ijumaa alikuwa ameizunguka Kariakoo nzima, mji wenye taa na watu wanaojijua, na hakupata mtu mmoja aliyemfundisha kitu.

Ndipo akakumbuka Mohoro. Akakimbia sokoni, mstari wa mchele, kanzu ameishika mkononi. Bi Kuruthumu alikuwa anakung'uta magunia matupu, lori linamngoja.

"Shikamoo, bibi," akasema Saif, na mara hii ilimtoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekubali kuja Mohoro. Nitakuja leo, na lori hili hili. Mwambie binti mmoja nyumbani kwa Abdulla aningoje miezi sita tu, nitarudi na wanafunzi arobaini na watatu. Nimekosa, bibi. Nakuomba." Na machozi yalimtoka, mbele ya wachukuzi, mwalimu wa Manowari.

Bi Kuruthumu alimwacha amalize. "Nafasi imeshikwa. Nimemchukua yule Mhindi."

"Praful? Yule aliyezomewa?"

"Huyo huyo. Yumo ndani ya lori, na sanduku lake. Mimi Idd nilikuwepo uwanjani, mwanangu. Kizungu chenu sikukisikia, chako wala chake. Lakini mwalimu namjua. Mwalimu akisema neno humtazama mtu usoni aone kama limeingia. Yeye alitazama. Wewe ulikuwa ukitazama makofi." Alimpangusa machozi kwa pindo la kanga yake, maana hakuwa mwanamke mbaya. "Pole. Mimi yule binti simjui, na mtu nisiyemjua siwezi kumwambia amngojee mtu." Lori likaondoka.

Usiniulize kwa nini hakwenda moja kwa moja kwa Thuraya akamwambia ukweli. Labda angempata. Mtu aliyekwishabebwa mabegani, miguu yake husahau ardhi. Alikwenda kwa Mwinyimvua, akamweleza kilio chake, na Mwinyimvua akapiga kifua: "Maalim, Manowari haimtupi mtu wake. Mwanafunzi ni mimi."

Walikaa kutwa na kucha. Saif alimfungulia ukurasa wa mwanzo kabisa, akausoma, Mwinyimvua akaufuata, na mpaka Jumamosi alfajiri Admeri alikuwa anausema wote bila kukosea, huku ameuvalia uso wa vita. Maana yake? Saif alimfundisha mara sita. Mara sita Mwinyimvua akasema, "Hiyo tutaikuta huko huko."

Jumamosi wakaenda, na Manowari yote nyuma yao na ngoma, maana Mwinyimvua alikuwa ameshawatangazia kwamba Admeri anakwenda kusema Kiingereza. Walijaza baraza, wakajaza barabara. Ndani, Thuraya alipitisha chini ya pazia gazeti la jana la Kiingereza, amepiga mstari kwa penseli chini ya sentensi fupi kuhusu mvua.

Mwinyimvua akalipokea, akalishika vizuri kwa mikono miwili, akalitazama kwa muda unaostahili. Kisha akatoa kifua, tumbo likafuata, na mtu huyu wa miaka sitini, mwenye wake watatu na nyumba mbili, akatangaza kwa Kiingereza kitamu kabisa kwamba yeye anaitwa Joni, ni mvulana mdogo, ana mpira mwekundu, na anampenda mama yake.

Nje, barazani, walilipuka. "Admeri! Kasema! Kasema chote!"

Thuraya alingoja wanyamaze. Safari hii hakucheka. "Umesema nini, baba yangu?" akauliza kwa heshima.

"Sijui, binti," akajibu Mwinyimvua, na uso umemjaa nuru. "Lakini umesikia nilivyokisema?"

"Nimesikia." Saif alikuwa amesimama karibu kabisa na pazia, na alimsikia akisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyekuwa na matumaini hasa: "Mama, twende. Meli haingoji." Bi Fakhriya alilia, akabembeleza, akataja taa na suti nyeupe. Wakatoka kwa mlango wa uani, na magurudumu ya rikisha yakasikika yakielekea forodhani.

Saif alitaka kuwakimbilia. Alifika mlangoni tu. Manowari hawakujua kilichotokea ndani. Walijua Admeri amesema Kiingereza mbele ya shehe na mashahidi, na aliyemfundisha ni huyu hapa. Wakamnyanyua. Ngoma ikapigwa, wakampeleka juujuu kuelekea sokoni, upande usio wa bahari. Akawaambia, "Nishusheni." Akawasihi, "Jamani, nishusheni, naomba." Hawakusikia. Akapiga ukelele kwa Kiingereza kwamba wamshushe, na waliposikia Kiingereza wakashangilia, wakamrusha juu zaidi.